Moshi wa Ng'ambo ya Kijito

Ukitaka kufika Mikangazi, usimtajie mwendesha bodaboda wa Ifakara jina hilo peke yake. Atakubali haraka, mtapatana nauli, kisha atakushusha Lihoma, kwa sababu Lihoma ndiyo anayoijua. Si kosa lake. Mikangazi ni mahali padogo, na kwa miaka mingi hapakuwa hata na kibao cha kuonyesha kwamba umefika. Ngoja nikuelekeze mimi, nami nitakuelekeza kama nilivyoelekezwa na mtu aliyepajua kuliko sisi sote.

Shika barabara ya Mlimba. Reli itakusindikiza, mara karibu, mara mbali. Ukishapita Idete, endelea mpaka uone kanisa la matofali mekundu na mashine ya kukoboa mpunga. Hapo ni Lihoma, kijiji chenye zahanati, shule na gulio la Alhamisi. Ipe mgongo milima ya Udzungwa, ushuke kuelekea bondeni. Njia itakupitisha chini ya reli, ndani ya kalavati unamoweza kusimama wima bila kugusa dari. Kutoka kalavati hadi kwenye kisiki cha mkangazi ni mataruma elfu moja na mia mbili. Miti yenyewe ilikatwa kabla sisi hatujafika, likabaki jina na kisiki kimoja kipana kama meza ya watu sita. Mbele ya kisiki kuna kijito cha Nasanga. Ukikifuata kwa kushoto utafika Itongera kwa wavuvi wa kambale, na harufu itakuarifu kabla ya macho. Ukikivuka, unaingia kwenye majani marefu yanayokwenda mpaka mto Kilombero, na siku isiyo na ukungu unaiona milima ya upande wa Mahenge.

Kama hujawahi kufanya kazi relini, taruma ni lile gogo la zege au la mti linalolazwa chini ya vyuma vya reli. Katika dunia nzima sijui mahali pengine ambapo watu hupima umbali kwa mataruma. Sisi tulipima hivyo kwa sababu ya mtu mmoja tuliyemwita Mzee wa Reli.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ukoo wake. Hakupenda kuulizwa, nami katika miaka kumi na mmoja niliyofundisha shule ya Lihoma nilijifunza kutouliza. Nilichojua ni kwamba alikuwa ametembea kwa miguu juu ya reli, kati ya Ifakara na Mlimba, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kazi yake ilikuwa kukagua njia. Kila siku alipewa kipande chake, akakitembea taruma kwa taruma akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga boliti na kusikiliza. Boliti iliyokaza ina sauti yake na iliyolegea ina yake. Alipofika mwisho wa kipande aligeuka na kurudi, maana baada ya hapo kilianza kipande cha mwenzake. Jioni aliandika alichokiona. Siyo alichodhani wala alichosimuliwa na wachunga mbuzi.

Alipostaafu alirudisha nyundo, lakini mkono haukustaafu. Alijitengenezea fimbo, akaivika kofia ya chuma upande wa chini, na kwa fimbo hiyo aligonga kila kitu. Aligonga kuta za nyumba mpya na kumwambia mwenye nyumba upande gani tofali halikuiva. Aligonga meza yangu darasani akaniambia mguu wa nyuma utaachia kabla ya Pasaka, na kweli uliachia. Kwenye gulio aligonga vyungu kimoja baada ya kingine, akiinamisha sikio, mpaka siku moja mama mfinyanzi akachoka.

"Mzee, unanunua au unaposa?"

"Naposa," alijibu bila kucheka. "Huyu wa pembeni anakohoa. Nipe mwenzake."

Miguu yake nayo haikustaafu. Mtu akitembea kwa miaka juu ya mataruma, hatua yake hukatwa sawasawa na nafasi kati ya taruma na taruma, na haibadiliki tena. Alitembea kwa hatua fupi, zote sawa, hata barabarani, hata akielekea kupokea Komunyo. Watoto walimwigiza nyuma yake, naye alijua. Nilipomwalika darasa la nne aje kufundisha vipimo, aliwapanga uwanjani na kuwaambia, "Leo mniigize mbele yangu, siyo mgongoni." Wakatembea mstari mmoja, wakihesabu kwa sauti. Tangu siku hiyo watoto wetu walijua umbali wa kila kitu: mashine hadi kanisani, kanisani hadi shuleni, shuleni hadi kalavati. Nimefundisha miaka mingi na sijapata somo lililokaa vichwani namna ile.

Alikuwa na msemo mmoja tu, na kama ulikaa naye siku moja uliusikia mara tano. Ukimwambia mto umejaa, au mpunga umepanda bei Ifakara, au padri amehamishiwa Malinyi, alikukazia macho na kuuliza, "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, aliipokea habari yako kama mtu anayepokea noti iliyochanika, kwa ncha za vidole.

Usidhani alikuwa mtu wa mstari ulionyooka, hata hivyo. Alichukia pikipiki, lakini alizijua zote kwa mlio na alimwambia fundi ipi inaugua nini. Alikataa habari za ushirikina, lakini hakuvuka chuma cha reli kwa mguu wa kushoto. Alilalamika kwa sauti kubwa kuhusu ng'ombe wa Wasukuma wanaoingia kwenye mpunga, na asubuhi hiyohiyo alikuwa ameshakunywa kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa ng'ombe walewale. Alijifunza Kisukuma, akaniambia, ili agombane vizuri. Kila asubuhi Mama Minza, Msukuma aliyeishi ng'ambo ya Nasanga na mume wake na watoto, aliacha kibuyu juu ya kisiki. Mzee alifika kisikini akasalimia kuelekea ng'ambo, "Mwangaluka!" Sauti ya mama ikarudi, "Mwangaluka, Mzee!" Akachukua kibuyu, akaweka kile kitupu cha jana, akageuka. Hakuvuka kijito. Kila siku matembezi yake yaliishia pale pale, na hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini.

Sasa nieleze kilichokuwa kinamkosesha usingizi.

Lile kalavati la njia yetu lilijengwa kwa ajili ya maji, siyo kwa ajili ya watu. Kiangazi linapitika, lakini masika maji yanalijaza mpaka juu, na mtoto wa Mikangazi anayekwenda shule Lihoma hana njia ila kupanda tuta na kuvuka juu ya reli. Kila asubuhi ya masika Mzee wa Reli alisimama juu ya tuta lile kabla watoto hawajafika. Alipiga goti, akaweka kiganja kwenye chuma, akasikiliza. Kisha akawavusha wawiliwawili. Mwaka mmoja mguu wa binti mdogo ulinasa kwenye kokoto, naye akamvuta. Mtoto alitoka, ndala ikabaki, na treni ikapita. Ile ndala, au nusu yake, aliitundika kwenye msumari nyumbani kwake Lihoma, jirani na reli, juu ya picha ya Bikira Maria.

"Mimi nina magoti mawili tu, Mwalimu," aliniambia. "Yakigoma, nani atasimama pale?"

Alitaka kitu kimoja: shule shikizi Mikangazi, vyumba viwili tu vya watoto wadogo, ili mtoto asivuke reli mpaka awe na akili ya kuvuka. Nikamweleza utaratibu, maana nilikuwa nimeuliza. Shule hujengwa mahali panapotambuliwa. Mikangazi haikutambuliwa, ilihesabiwa kuwa mashamba ya Lihoma. Ilibidi kwanza iwe kitongoji, na ili iwe kitongoji ilibidi ionekane kwamba kuna kaya zinazoishi pale mwaka mzima.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, na lazima uujue utaratibu wa bonde letu ili uuelewe. Wakulima wetu wana makazi mawili. Mvua za kupanda zikianza, familia nzima inahamia shambani. Wengine wana nyumba za udongo huko, wengine wanalala kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ambako unaamia ndege na kuwatazama nguruwe. Wanakaa mpaka wavune. Kisha wanafunga milango kwa kamba, wanarudi kijijini walipo kanisa, maji ya bomba na shule. Ukija Mikangazi mwezi wa nne utakuta kijiji. Ukija mwezi wa tisa utakuta kamba. Walirudi Lihoma kwa sababu Mikangazi hapakuwa na shule, na shule haikujengwa Mikangazi kwa sababu walirudi Lihoma.

Tulikaa chini, mimi na Mzee, tukaandika orodha ya kaya. Aliita jina, nikaandika, tukianzia kalavati na kushuka. Tulipofika kisikini akasema, "Basi." Nikapiga mstari. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mstari ule niliupiga kwa rula.

Watu wa uhakiki walikuja kutoka wilayani mwezi wa tisa. Walikuwa wawili, na aliyeongoza alikuwa dada mpole, mwenye kishikwambi na viatu vya kutembelea kweli. Mzee aliwatembeza. Waliona milango imefungwa, majani yamelala kwenye vizingiti, madungu yamebaki nguzo. Dada hakudharau kitu. Aligusa kamba, akachungulia, akaandika. Walipofika kisikini alinyoosha kidole ng'ambo ya kijito, ambako moshi mwembamba ulikuwa unapanda nyuma ya majani.

"Na pale, Mzee?"

"Hao wafugaji," alisema Mzee wa Reli. "Wanapita."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nami nilitikisa kichwa kukubali.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano, chini ya paa la mashine ya kukoboa, mwenyekiti wa kijiji akisoma polepole kwa sababu ya miwani. Mikangazi ilikuwa mashamba ya msimu. Hapakuonekana mkazi wa kudumu, isipokuwa wafugaji wanaopita, kwa maelezo ya mwenyeji. Watu waligeuka kumtazama Mzee. Baba Paulo, mkulima ambaye shamba lake linapakana na kijito na ambaye ng'ombe walikuwa wamemlia nusu eka, akasema kwamba yule dada alikuja na jibu lake mfukoni.

"Hapana," Mzee alisema. "Alikuja akaona. Mimi siwezi kumlaumu mtu aliyeona."

Ndipo Mama Minza aliposimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na magunia, mahali wanapokaa watu ambao hawajui kama mkutano unawahusu. Hakupaza sauti.

"Shikamooni wazee. Ule moshi ni wangu."

Vichwa vikageuka nyuma.

"Miaka tisa niko pale. Mvua nipo, jua nipo. Ninyi mkifunga milango yenu, mbwa wenu wanakuja kula kwangu." Mtu mmoja alicheka, akanyamaza mwenyewe. Mama Minza akamgeukia Mzee wa Reli. "Mzee, ile ndala iliyoko ukutani kwako ni ya mwanangu. Ulimvusha mwenyewe. Sasa nakuuliza kwa heshima. Uliniona napita, au uliambiwa?"

Nimesikia maswali mengi maishani, na kazi yangu ni kuuliza maswali. Sijasikia lililofika namna ile. Mzee alivua kofia. Alisimama, hatua zake zote zimekwisha.

"Niliambiwa," alisema, akakaa.

Nami moyoni nilikaa naye. Minza, yule binti wa ndala, alikuwa kwenye daftari langu la mahudhurio mwaka wa pili huo. Nilimwita jina kila asubuhi, akaitika, na bado mstari wangu uliishia kisikini.

Siku chache baadaye Mzee aliniambia alichokuwa amekigundua, akinieleza kama mtu anayeandika taarifa. Miaka yote ile kazini, mwisho wa kipande chake ulikuwa ni mwisho wa wajibu wake. Kilichokuwa mbele yake hakuruhusiwa hata kukiandika. Alipostaafu akaanza kushuka Mikangazi, akaona kijito, miguu ikajiamulia kwamba kipande kinaishia pale. "Hakuna aliyenipa kipande hiki, Mwalimu," alisema. "Nilijipa mwenyewe, nikajipa kifupi."

Asubuhi iliyofuata mkutano alikuwa amefika kisikini kama kawaida. Hakuita salamu. Alivua viatu, akavifunga kamba shingoni, akavuka Nasanga. Mama Minza alinisimulia kwamba alimwona akitokea kwenye majani akiwa amelowa hadi magotini, akadhani kuna msiba. Mzee aliomba apewe kigoda, akakaa, akaomba radhi kwa Kisukuma. Mume wa Mama Minza alimwambia Kisukuma chake kinafaa zaidi kwa matusi, ila wameelewa. Kisha Mzee akaanza kutembea. Alihesabu miji ya ng'ambo, kila mji na familia yake, akagonga vihenge vya nafaka kusikia kama vimejaa, akaona mipapai iliyokwisha kuzaa, akaona kaburi dogo lililozungushiwa mawe, akauliza ni la nani, akaambiwa, akavua kofia tena. Kulikuwa na miji mitano. Moto uliwaka katika yote.

Kuandika orodha mpya halikuwa jambo jepesi, na sitaki kukudanganya kwamba watu walikumbatiana. Baba Paulo alimjia Mzee nyumbani nami nikiwepo. Alisema kwamba tukiwaandika Wasukuma leo, kesho watakuwa na haki, na ng'ombe wao watakuwa na haki, na mpunga wetu utakuwa majani. Alikuwa na hasira ya kweli, na alikuwa na sababu.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Ng'ombe waliokula nusu eka yako walikuwa wameandikwa?"

"Hawakuandikwa."

"Na wakala."

Baba Paulo akavuta kigoda, akakaa.

"Asiyeandikwa humwiti kwenye kikao," Mzee alisema. "Akiandikwa, unamwita, anakaa, mnatazamana. Mimi nataka mtu wa kutazamana naye."

Ilichukua vikao vingi. Walikubaliana njia ya mifugo, kutoka ng'ambo mpaka kwenye maji, ikizunguka mpunga badala ya kuukata. Mzee aliiwekea alama za mawe yaliyopakwa chokaa, jiwe moja kila mataruma mia, na akaitembea kila siku. Ng'ombe walipotoka njiani alikwenda kwa mwenye ng'ombe, na mkulima aliposogeza jembe lake ndani ya njia alikwenda kwa mkulima. Mara mbili jiwe lilihamishwa, akalirudisha. Mara ya tatu alimkuta Baba Paulo amelishika mikononi. Hakumgombeza. Alikaa juu ya tuta la jaruba akasubiri. Baba Paulo aliniambia mwenyewe baadaye kwamba jiwe lilizidi kuwa zito jinsi mzee yule alivyokaa kimya, akaona afadhali alirudishe.

Lilibaki swali la uhakiki wa pili. Watu wote walisema ombi lipelekwe ili wakaguzi waje mwezi wa nne, Mikangazi ikiwa imejaa watu, ngoma na moshi kila upande. Mzee alikataa. Alitaka waje mwezi uleule wa tisa.

Walimwambia anazeeka vibaya. Nami nilimshauri alegeze, nikidhani ninamsaidia.

"Wakija masika wataona watu, na watajua kwamba wamechaguliwa siku," aliniambia. "Waje wakati mbaya. Wakituona wakati mbaya hawatauliza tena."

Basi akapita nyumba kwa nyumba, mavuno yalipokuwa yanaisha, na ombi moja: mwaka huu usifunge mlango wote. Acha mtu mmoja. Kwa waliosema hakuna maji aliwaonyesha kisima cha ng'ambo, ambacho mume wa Mama Minza alichimba zamani kwa ajili ya ndama na ambacho hakikuwahi kukauka. Wengine walikataa, akawaandika kwamba wamekataa. Kijana mmoja alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba nyumba ambazo hazina mtu wanaweza kuziwashia moto asubuhi ya ukaguzi, moshi utoke, nani atajua? Mzee alimtazama kama alivyotazama boliti.

"Ukiwasha moto mmoja wa uongo," alisema, "umeizima yote ya kweli."

Wa kwanza kutangaza kwamba anabaki alikuwa Baba Paulo. Alisema anabaki kulinda mawe.

Dada mwenye kishikwambi alirudi mwezi wa tisa. Mzee hakuanzia kalavati. Aliwapitisha mbele ya nyumba zote bila kusimama, akaenda moja kwa moja kisikini, akavua viatu. Dada akamtazama, akacheka kidogo, akavua vya kwake. Walianza kuandika kwa Mama Minza, ambaye alikuwa amekaanga karanga na hakuwa na haraka. Aliulizwa ameishi pale muda gani. Aliwaongoza mpaka kwenye kaburi, kisha kwenye mipapai, kisha kisimani, na baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena. Waliporudi upande wetu walikuta milango minane imefunguliwa, na mbele ya kila mmoja mtu halisi. Ishirini na kitu ilikuwa imefungwa, na Mzee aliwaonyesha hiyo nayo, mmoja baada ya mwingine, akitaja wenyewe wako wapi na wanarudi lini.

Ukipita Mikangazi leo utaona kibao. Kiko upande wa pili wa kijito, ng'ambo, kwa sababu kamati ya kwanza ya kitongoji, ambayo Mama Minza ni mjumbe wake, ilitaka kianzie huko. Matofali ya shule tulifyatua wenyewe. Ng'ombe wa Wasukuma walivuta maji na kuni za tanuru, na Baba Paulo ndiye aliyewaswaga.

Mimi nilihamishiwa Ifakara mjini kabla paa halijawekwa. Shughuli ni nyingi, na kutoka mjini mpaka kule si mbali ila kwa mtu asiyekwenda. Nilirudi kumwona mwaka huu, mwezi wa nane, nikiwa na kilo mbili za sukari na aibu ya kuchelewa.

Nilimkuta ameketi nje, fimbo magotini. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yamekuwa meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Hospitali wamemwahidi kumfanyia upasuaji wa jicho moja baada ya mvua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umekonda, mama, au viatu vipya? Hatua imekuwa nyepesi."

Tulizungumza. Hatembei tena mwenyewe, aliniambia, ila mpaka mlangoni na kurudi. Reli anaisikia. Masika hii hakusimama tutani hata siku moja, na hakuna mtoto mdogo aliyehitaji asimame. Nilimpongeza. Nikamwambia shule inaendelea vizuri, vyumba vyote viwili vina watoto, hata kiangazi hiki.

Fimbo ikagonga ardhi mara moja.

"Umeona au umeambiwa?"

Nilikuwa nimeambiwa, na bodaboda. Nikainuka nikaenda. Vyumba viwili, mabati, madirisha bado bila nondo. Niliona watoto wamebanana kwenye madawati, wengine kwenye mkeka, na msichana mmoja anasoma ubaoni kwa fimbo huku wenzake wakiitikia. Nikatembea kushuka nikitazama milango. Mingi ilikuwa wazi. Nilihesabu mioshi mpaka kisikini, nikageuka, nikarudi kumpa taarifa yangu. Nilimtajia kila kitu kwa utaratibu, kuanzia kalavati, kama alivyotufundisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha sikio, uso umelegea, mtu mwenye furaha. Sijawahi kumwona akipokea maneno ya mtu namna ile, bila kuyagonga.

Nilipomaliza akainua uso.

"Na ng'ambo?"

Nilikuwa nimefika kisikini, nikageuka.

"Hata mimi nilikuwa naishia hapo," alisema kwa upole, akanyoosha mkono hewani kunionyesha njia ambayo haioni tena. "Nenda, mama. Nitakusubiri."

Nikashuka tena, hatua fupi, zote sawa. Kisikini niliinama nikavua viatu.